Waranti ya Miaka Ishirini, Mbali na Bahari

Wananijia vijana wanaojenga, mmoja mmoja au na wake zao, wananikuta barazani kwangu hapa Malindi ya Unguja, na swali lao ni lile lile. "Mzee Makame, shikamoo. Ati bati gani zuri?" Marahaba, nawajibu, bati zuri ni la jirani yako, maana likivuja halikuhusu. Wanacheka kwa adabu. Halafu wananitolea simu kunionesha picha ya karatasi yenye muhuri wa rangi ya dhahabu na maandishi makubwa ya miaka ishirini, na nyuso zinang'aa utadhani wameahidiwa pepo. Hapo ndipo nnapowaambia wakae. Magoti yangu yashakataa ngazi, lakini mdomo haujakataa kitu.

Nimeezeka miaka arobaini kasoro. Nimeezeka nyumba za Mji Mkongwe zenye ukuta mnene hata sauti ya mwenye nyumba haipiti, nimeezeka skuli, misikiti, na banda la kuku la mheshimiwa mmoja ambalo kuku wake walikaa pakavu kuliko mimi. Basi msinisikilize kwa kuwa mimi ni mwerevu. Nisikilizeni kwa kuwa makosa karibu yote mnayokusudia kuyafanya mie nshayafanya, tena kwa kujiamini.

Waranti ina pande mbili. Mbele ni ahadi, nyuma ni visingizio. Mbele wameandika kwa herufi unazoweza kuzisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Nyuma wameandika kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kwa Kiingereza cha mahakamani, na pale ndipo utakapokuta kwamba bati lako lina dhamana ya kutoshika kutu ilimradi usilipeleke karibu na bahari. Sasa wewe mtu wa Unguja, hebu niambie, utalipeleka wapi? Mimi katika umri wangu wote sijapata kukaa mahali pasiponuka chumvi. Misumari yetu inashika kutu ingali ndani ya pakti, halafu mtu wa kiwandani anatutaka tuwe mbali na pwani.

Nungwi nilimwezekea mzee mmoja, Mzee Vuai, mtu msikivu kupita kiasi. Mabati yake yalikuwa ya vigae, haya ya rangi yaliyokunjwa yafanane na vigae, na karatasi ilisema yaoshwe kila baada ya miezi mitatu. Nikamweleza vizuri: "Mzee wangu, mvua inaosha juu, lakini chini ya upenu mvua haifiki, na chumvi inakaa pale pale inakula. Wewe osha pale." Hewallah, akasema. Baada ya mwaka nikapita, nikakuta upenu wote mwekundu. Nikamuuliza, mzee wangu, umeosha? Akaapa wallahi kwamba hakukosa hata mara moja. Kumbe visima vyao maji yake ni ya shida, na yeye hakuona haja ya kumaliza maji ya kunywa kwa ajili ya bati. Alikuwa akiazima pampu ya mashua na kuliosha paa kwa maji ya bahari. Kila miezi mitatu, kwa uaminifu, analipaka chumvi upya. Nilishindwa hata kumlaumu, maana mimi nilisema "osha pale", sikusema kwa maji gani. Tangu siku ile nasema maji ya mvua, maji ya bomba, na nasema mara mbili.

Na msidhani wenye pesa wana akili zaidi. Kendwa mwenye hoteli mmoja aliniuliza makuti yana waranti ya miaka mingapi. Nikamwambia makuti hayana waranti, yana mwisho, na wote tunaujua. Akatikisa kichwa kama vile nimemwibia. Lakini mimi nakwambieni, katika umri wangu wote sijapata kuona ugomvi juu ya makuti. Yakioza unayatoa, unaezeka mengine, hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Sasa nije kwenye langu mimi, ambalo silipendi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Masoud, Mungu amrehemu, mtu wa Mji Mkongwe aliyezaliwa kwenye chokaa na akafa nayo kwenye kucha. Kwake chokaa ilikuwa dawa ya kila kitu. Ukuta umepasuka, chokaa. Maji yanapita pale paa linapokutana na ukuta, chokaa. Nadhani angeumwa na jino angetia chokaa. Alinifundisha kuichanganya na mchanga, kuishindilia kwenye ule mwanya wa bati na ukuta, kisha kuinyunyizia maji siku tatu ikauke polepole bila kupasuka. Na ilishika! Bati la siku hizo lilikuwa nene, chokaa ikilila inachoka kabla ya kulimaliza. Mapaa ya Fundi Masoud mengine yapo mpaka leo. Basi mie nikabeba mkono wake kama nilivyobeba nyundo yake, na kila paa nililoliezeka nililimalizia kwa mstari wa chokaa, mweupe, umenyooka. Watu walikuwa wakinijua kwa mstari ule.

Akaja Bi Zuwena. Bi Zuwena alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, wa ukoo wa Kiarabu, mtoto wa nyumba kubwa ya Mji Mkongwe ambayo warithi waligombana mpaka wakaiuza. Alipostaafu akajenga Mangapwani, nyumba ya vyumba vitatu, ahamie na mama yake. Mama yake, Bi Mkubwa, alishakuwa mtu wa kitandani, macho hayaoni vizuri, na kumnyanyua tu kulitaka watu wawili na dua. Bi Zuwena aliniambia siku ya kwanza: "Fundi, mimi nnaweza kulala popote. Mama hahamishiki. Chumba chake kisivuje, basi, sina jingine nnalokutaka."

Akanunua mabati ya vigae yenye waranti ya miaka ishirini. Akanipa karatasi niisome. Mimi Kiingereza changu ni cha kununulia skrubu. Nikaigeuza mbele, nikaigeuza nyuma, nikatikisa kichwa kama hakimu, nikamwambia: "Hii mali, Bi Zuwena. Itunze vizuri isipate unyevu." Nikafunga bati kwa skrubu zenye kipira, kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde, kila kitu kama kinavyotakiwa. Hata bati moja halikukatwa kwa grainda, maana zile cheche zinaganda kwenye rangi na baada ya wiki mbili kila cheche imekuwa doa la kutu. Nilijisifu sana kwa hilo. Halafu nikapiga mstari wangu wa chokaa pale chumba cha mama kinapokutana na ukuta mrefu wa jikoni. Ulikuwa mzuri, Mungu anisamehe.

Masika ya nne simu ikalia. "Fundi Makame," sauti yake imekauka, "kitanda cha mama nshakihamisha mara tatu tangu alfajiri. Sasa kipo mlangoni. Pakibaki pengine ni nje."

Na mimi, kwa akili zangu zote, nikacheka. "Usitie wasi, Bi Zuwena! Si una waranti?"

Kampuni ikapigiwa simu, ikaahidi, ikasahau, ikapigiwa tena. Wiki ya tatu akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mwanamke kijana kwa jina Neema, na buti za kazi na kile kidege cha kupigia picha. Nami nilikuwepo, nimevaa kanzu safi kabisa, nimekuja kushuhudia kampuni ikiaibika.

"Shikamooni. Mama, naomba nione cheti cha waranti."

Bi Zuwena akamwelekeza ukutani. Cheti kilikuwa kwenye fremu yenye kioo, kimening'inizwa juu ya kochi, pembeni ya picha ya Makka. Neema akakisogelea, akainama. Chini ya cheti palikuwa na kipande chenye vitobo vya kukatia. Kile kipande, akatueleza kwa upole, kilitakiwa kukatwa, kujazwa na kurudishwa kiwandani ndani ya siku thelathini, la sivyo kampuni haijui kama hii nyumba ipo duniani.

Bi Zuwena akanigeukia. "Si umenambia niitunze?"

"Nimekwambia uitunze," nikasema, "sikukwambia uitundike."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliokuja skuli bila daftari. Neema akasema hilo linasameheka kama risiti ipo. Risiti ilikuwepo. Akauliza bahari iko umbali gani, maana chini ya mita mia tano waranti haifanyi kazi. "Mwanangu," Bi Zuwena akamwambia, "hivi mnayauza huku mkidhani tunakaa Dodoma?" Neema akacheka, akapima kwenye simu yake. Nyumba ilikuwa imezivuka zile mita mia tano kwa hatua chache tu. Nilimwona Bi Zuwena akishusha pumzi. Akauliza kama upenu unaoshwa. Unaoshwa, kwa maji ya tangi, na Bi Zuwena aliandika kila tarehe kwenye daftari, akalileta. Neema alilipekua lote, akasema hajapata kuona mteja wa namna hii. Wallahi, mpaka hapo tulikuwa tumeshinda. Nilishaanza kuchagua rangi ya mabati mapya.

Akarusha kidege chake. Sote tukatazama kwenye simu yake. Paa zima lilikuwa salama, rangi yake ile ile, isipokuwa mahali pamoja. Kando ya ukuta wa jikoni, juu ya chumba cha Bi Mkubwa, bati lilikuwa limeliwa limekuwa kama chujio, na kutu yote ilifuata mstari mmoja mweupe, umenyooka.

"Hiki cheupe ni nini?" Neema akauliza.

Mimi niliutambua mstari wangu.

Neema akaeleza, na nyie mnisikilize hapa kuliko kote: bati la siku hizi ni jembamba, limevishwa ngozi ya madini inayolikinga, na chokaa mbichi au saruji mbichi inaitafuna ile ngozi. Chumvi na maji vinamalizia. Iko kwenye karatasi, nyuma, kwa herufi za sisimizi: chokaa au saruji ikigusa bati, waranti imekwisha. "Ni nani aliyeweka?" akauliza, kalamu mkononi.

Bi Zuwena akaruka: "Itakuwa yule mpaka rangi! Alikuja mwaka wa pili kupaka ukuta, alikuwa mchafu mchafu yule!"

Mlango ulifunguliwa hivyo, jamani, na sikuufungua mimi. Na kampuni haingelipa kwa vyovyote, awe mpaka rangi awe mimi. Kilichobaki ni jina tu, la nani litaandikwa. Nikajiambia mpaka rangi mwenyewe yuko Pemba, hatojua. Nikasema: "Huenda."

Neno moja. Neema akaliandika.

Sasa kitanda cha Bi Mkubwa kilikuwa pale mlangoni, hatua tatu kutoka tulipo, na sisi tulikuwa tumeshamsahau, kama watu wanavyowasahau wagonjwa wakidhani hawasikii. Akaita: "Makame!"

"Naam, Bi Mkubwa."

"Ni wewe? Njoo nikuone." Haoni, lakini ndivyo anavyosema. Nikasogea. Akanishika mkono, akawaambia wageni: "Huyu fundi wa kweli. Siku hizi hakuna. Alipokuja kumalizia paa, mimi nshaletwa nimelazwa jikoni, aliniomba maji ya kwenye kata yangu, ya kuchanganyia chokaa yake. Nlisikia ile harufu nikaikumbuka nyumba yetu ya mjini, baba akipiga chokaa kabla ya Sikukuu. Nkasema, alhamdulillahi, yupo bado anayetia chokaa."

Yaani alikuwa akinisifu! Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, wengine kwa haki, lakini hakuna tusi lililonichoma kama sifa ile. Neema alishusha kalamu akaangalia chini, kwa adabu. Bi Zuwena hakuangalia chini. Alinitazama mimi, na sikuona hasira, niliona kwamba anafikiri, anarudi nyuma siku hadi siku mpaka kwenye ule mstari mweupe nilioupiga mbele ya macho yake, na akausifu.

"Ni mimi," nikasema. "Futa hilo nililosema, mwanangu. Niandike mimi."

Akafuta, akaandika. Waranti ikafa pale pale, sebuleni. Neema alituaga vizuri, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anakutana na chokaa ile kwenye paa baada ya paa hapa Unguja na wote wanasema ni mpaka rangi. Sijui kama alitaka kunifariji. Kama ndivyo, hakufanikiwa.

Nikaezeka upya upande ule kwa mabati yangu na mikono yangu. Magoti yalikuwa yameshaanza kulia, kila ngazi niliipanda nikiomba. Niliukwangua ule mstari wote, nikaweka mkanda wa bati uliokunjwa, mguu mmoja ukutani mguu mmoja juu ya paa, na utomvu wa kuzibia wa kwenye mrija, ule ambao Fundi Masoud angeutemea mate. Siku tatu. Bi Zuwena alikuwa akiniletea chai asubuhi na adhuhuri, akiiweka kwenye tofali, akirudi ndani bila neno. Chai ilikuwa tamu, na hiyo ndiyo iliyonitesa.

Siku ya tatu nikashuka. Akanisubiri chini ya ngazi.

"Hii ina waranti?"

"Ya kampuni haina tena, Bi Zuwena."

"Sikuulizi kampuni. Nnakuuliza wewe."

"Ya kwangu ipo."

"Iandike."

Tukaingia ndani, akanipa daftari. Nikaandika kwa Kiswahili, polepole. Nikaandika kwamba mimi Makame nadhamini paa la chumba cha Bi Mkubwa lisivuje. Kisha, Mungu anisamehe, kalamu ikaendelea yenyewe: isipokuwa kwa upepo mkali, isipokuwa embe likiangukia bati, isipokuwa mtu mwingine akipanda. Miaka arobaini ninazisema karatasi zao, na nilipopewa kalamu nikaandika kama wao.

Bi Zuwena akaichana ile karatasi kutoka daftarini, akaisoma kila neno akifuatisha kwa kidole. Akafungua pochi, akatoa kalamu nyekundu. Upepo, akaukata. Embe, akalikata. Mtu mwingine, akamkata. Akanirudishia. Palibaki sentensi moja tu, na chini yake yeye mwenyewe aliongeza: likivuja, Makame anakuja.

"Tia sahihi."

Nikatia. Akaitazama, halafu akanitazama mimi kutoka kofia mpaka miguuni, kama mtu anayekagua ngazi kabla ya kuipanda.

"Na ukifa?"

"Nikifa nimekufa, Bi Zuwena. Hilo hata wewe huwezi kulikata."

Akafikiri. Kutoka chumbani Bi Mkubwa alikuwa akikohoa, kitanda kimerudi mahali pake chini ya bati jipya. Bi Zuwena akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

"Basi usife masika," akasema.

Hii masika ya tatu tangu siku ile, na mpaka leo lile paa halijavuja hata tone, lakini mimi siliamini. Vijana wangu, mnaponiuliza waranti nzuri ni ipi, mie sijui ya kwenu. Yangu naijua. Wingu likifunga tu nnaanza kutafuta viatu. Mke wangu ananiuliza mzee mwenye magoti haya anakwenda wapi na mvua inakuja, si alishastaafu? Namwambia aniwekee chakula, narudi jioni. Nnakwenda Mangapwani kukaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Bi Mkubwa, kutazama dari.